Ungo wa Chuma

Jumatatu, 29 Mei 1995

Nimerudi nyumbani, na safari hii si likizo. Wenyewe wanaita "kupunguzwa", kama vile tulikuwa nywele. Chumba cha maktaba ya Ushirika pale Bariadi kimepangishwa kwa mnunuzi binafsi wa pamba. Nilipokwenda kuchukua sweta langu nilikuta mizani imesimama palepale kilipokuwa kiti changu, na vitabu vimerundikwa nje barazani. Mlinzi akaniambia nichukue ninavyotaka, vinavyobaki wauza karanga watakuja kuvibeba wakafungie. Miaka yote ile ya kuwagombeza watu wasikunje kurasa!

Nimechukua seti moja tu. Riwaya saba za anga za juu, za Kiingereza, zote ndani ya kasha lao moja. Zililetwa na wafadhili pamoja na vitabu vya dawa ya pamba. Hakuna aliyewahi kuziazima hata siku moja. Mimi mwenyewe sikuwahi kuzisoma, nilikuwa nazifuta vumbi tu. Kwa nini hizo? Labda kwa sababu zilikuwa kamili, kuanzia cha kwanza hadi cha saba, na siku ile sikuwa na kitu kingine maishani mwangu kilichokamilika.

Mayu, mama yangu, alilipapasa kasha kwa mikono miwili. Macho yake yamezidi wekundu. Ni moshi tu — miti imekwisha huku, tunapikia mabua ya pamba na samadi kavu. Akauliza kama hicho ndicho kiinua mgongo changu. Tukacheka wote wawili. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Alhamisi, 1 Juni 1995

Kuchambua pamba kutwa nzima. Safi huku, fifi, ile iliyoharibika, kule. Vidole vya Mayu havihitaji macho. Akigusa tu anajua ipi imeliwa na wadudu. Mimi ndiye ninayechanganya, msomi!

Kwa kukosa la kusema nikaanza kumsomea. Nasoma Kiingereza kimoyomoyo, natoa Kisukuma kwa sauti. Kazi ngumu kuliko kuchambua. Kuna milki ya majua tisa, yote yanapigana. Kuna nahodha mwanamke, mzee, jicho moja limeharibika, anaitwa Oruna. Mayu alimpenda palepale. Mzee na bado anaendesha!

Chombo chake ndicho kilichonishinda. Kisukuma hakina neno. Nikamwonyesha picha ya jaladani: kitu cha duara, bapa, kingo zimeinuka kidogo, kinaelea katikati ya nyota. Mayu akaisogeza karibu kabisa na pua. "Kama ungo," akasema. Nikasema ndiyo Mayu, umepatia, ungo mkubwa wa chuma. Tangu hapo ni ungo. Oruna kapanda ungo, ungo umepita jua la pili, ungo umepigwa risasi za moto. Kwa kweli unasomeka vizuri kuliko Kiingereza chao.

Kanipa sharti moja: nisitangulie kusoma peke yangu. Tule pamoja, kasema. Nimemwahidi.

Jumapili, 11 Juni 1995

Baada ya misa nimekuta wanawake wamejaa uani! Wamekuja kutusaidia kuchambua. Wapi — wamekuja kusikiliza. Hata Milembe, mke wa Mboje jirani yetu, ambaye kwa kawaida hana muda na mtu, alikuja na Precious wake mgongoni. Mtoto ana miaka minne na maswali ya mtu mzima.

Sikuwa na kazi. Mayu ndiye aliyesimulia, vitabu viwili vizima kwa kichwa. Na anasimulia kama walivyokuwa wakisimulia kwao utotoni: mwenye hadithi alikuwepo. Si "Oruna alifika jua la tatu". Ni "tulifika jua la tatu, nikawaambia shikeni ungo vizuri". Watu wanashika mbavu. Precious akamuuliza kule juu kuna baridi? Mayu akamjibu kuna baridi sana, ndiyo maana macho yangu yako hivi.

Sikumbuki lini nimemwona mama yangu akiwa na watu wengi hivyo pembeni yake. Tangu baba afe amekuwa kama kiti cha ziada kila alipo. Leo walikuwa wanagombea kukaa naye. Nikawaza labda kupunguzwa kwangu kuna maana fulani. Nitasubiri kabla ya kuamini.

Jumatano, 21 Juni 1995

Kitabu cha sita kimekwisha leo. Kizito, cha huzuni. Majua yanazimika moja baada ya jingine. Oruna ametengeneza vitanda vya vioo ndani ya chombo ili watoto walazwe usingizi mrefu, wavuke giza bila kuzeeka. Kinaishia hapo, vitanda vitupu vimepangwa, mlango wa chombo uko wazi.

Precious alikuwa amejilaza juu ya rundo la fifi. Alitaka kujua nani atalala kwenye vile vitanda. Mayu akamvuta shavu: "Wewe wa kwanza. Nitakuweka kwenye ungo wangu, utalala usingizi mrefu, utakuja kuamkia kwenye jua jingine." Mtoto alifurahi mno, akaenda kumwambia mama yake. Milembe akacheka. Wote tulicheka.

Cha saba tumepanga tukianze pamba ikishapelekwa.

Jumamosi, 24 Juni 1995

Precious ana homa tangu jana. Asubuhi nimemsikia Milembe akipiga kelele. Degedege. Nikakimbia, nikasema hospitali, sasa hivi, baiskeli yangu ipo. Mboje akasema degedege si ya sindano, wakampeleka kwa mganga kwanza. Nilibishana naye mbele ya watu, jambo ambalo sikupaswa. Mchana ndipo walipomkubalia aende Bariadi. Mboje alipanda baiskeli, Milembe nyuma na mtoto kifuani.

Hawakufika. Wamerudi wakitembea, wanakokota baiskeli.

Jumatatu, 26 Juni 1995

Tumemzika Precious. Kaburi fupi vile!

Mayu alichota maji mwenyewe kuyapeleka msibani, kama afanyavyo kila mwanamke hapa. Ndoo ilikaa pembeni ya jiko mpaka watu wanatawanyika. Hakuna aliyechota humo hata kikombe. Mimi niliiona tangu mwanzo. Mayu haoni mbali, akaniuliza kama maji yalitosha. Nikamwambia yalitosha, Mayu.

Alhamisi, 29 Juni 1995

Kisimani nimesalimia: mwangaluka. Kimya. Nikarudia. Wakatazama ndoo zao. Kwa Msukuma kunyimwa salamu — afadhali upigwe.

Mwalimu Kristofa, yule kijana aliyehamia shule ya msingi mwaka jana, ndiye aliyenisimamisha njiani akanieleza, huku akiangalia nyuma kila mara. Watu wanasema mama yangu, Nyanjige, ana ungo. Hakuficha hata kidogo, kasema mwenyewe mbele ya ua mzima, wiki nzima. Anaupanda, anafika mbali, macho yanakuwa mekundu kwa baridi ya huko. Na alimtaja mtoto kwa jina. Alisema atamlaza. Siku tatu baadaye mtoto akalala.

Nilisimama pale na baiskeli. Ungo! Mimi, niliyezaliwa hapahapa, nimekua nikisikia wachawi wanapanda ungo usiku, ndiye niliyesema ndiyo Mayu, umepatia. Miaka kumi na minne mjini imenitia upofu. Nilikuwa naona picha nzuri tu. Ningeweza kusema ndege. Ningeweza kusema meli, treni, chochote kile.

Kristofa akasema mwaka juzi, kijiji kingine, bibi mmoja mwenye macho kama hayo. Nikamwambia asimalizie. Najua. Kila mtu anajua vikongwe wa macho mekundu wanavyomalizwa.

Jumapili, 2 Julai 1995

Kaka Masele amekuja kutoka Bukundi, vumbi hadi kwenye kope. Habari imefika huko kabla ya barua yangu. Alipoingia hakukaa. Anataka mawili: vitabu vichomwe, Mayu apande gari kesho aende kukaa naye kwenye ng'ombe.

Mayu alikuwa anachambua. Hakuinua kichwa. Kasema akikimbia atakuwa amekiri, na watu wa Bukundi nao wana masikio. Kasema hapa ndipo alipozaa, hapa ndipo alipomzika baba yetu, na maji yake waliyakataa wao, si yeye aliyekataa ya kwao. Kumbe alijua habari ya ndoo. Siku zote anajua.

"Na vitabu?" Masele akauliza.

"Bado kimoja," Mayu akasema.

Masele akanigeukia mimi kwa hasira. Kwamba nimeleta uchafu wa wazungu nyumbani. Kwamba ningebaki mjini nikauza maandazi kama wenzangu waliopunguzwa. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa naona ana haki, vyote kwa pamoja. Kaondoka jioni ileile, kaacha mkuki wake nyuma ya mlango.

Jumatano, 5 Julai 1995

Luhaga, mkuu wa sungusungu, amekuja mchana kweupe na vijana wawili wenye pinde. Alipiga hodi vizuri. Alimsalimia Mayu — wa kwanza tangu msiba — nami nilitaka kumshika mikono nimshukuru. Ni mtu wa haki, kwa jinsi yake. Kamaliza wizi wa ng'ombe hapa kwa muda mfupi tu. Namna alivyoumaliza sitaki kuiandika.

Kasema wapo vijana waliotaka kuja wenyewe, bila yeye. Kawazuia. Kaitisha dagashida, baraza la kijiji kizima, Jumamosi. Mimi nikaeleza: ni hadithi, Baba, ni vitabu, mimi ndiye niliyekuwa nasoma, mama yangu hajawahi kupanda hata gari moshi. Akataka kuviona. Akavigusa kimoja kimoja. Akaitazama ile picha ya jaladani muda mrefu. Sikupenda alivyoitazama.

Akauliza kama vyote vimesomwa. Nikasema — mpumbavu mimi! — bado cha mwisho.

Basi, akasema. Hicho utakisoma mbele ya dagashida. Kama ni hadithi, sote tutasikia kuwa ni hadithi. Mwalimu Kristofa anajua Kiingereza, atakaa pembeni yako, ataweka kidole kwenye mstari, ukiruka au ukipindisha atasema. Kurasa zina namba na namba mimi nazisoma.

Mayu akafurahi! Naapa. Baada ya wao kwenda akasema, kumbe tutakisikia wote.

Ijumaa, 7 Julai 1995

Nimevunja ahadi. Nilikwenda kukaa nyuma ya zizi na kitabu cha saba tangu asubuhi, nimemaliza sasa hivi, jua linazama. Ningekuwa sijui kusoma ningeshukuru.

Mwanzo ni vita, sawa. Meli, moto, wafalme. Halafu katikati Oruna anatua kwenye jua la mwisho lililobaki. Wazazi hawamwamini. Wanamwita mwizi. Basi anaita watoto kwa hadithi, na wanaomwamini wanaingia wenyewe. Anawalaza. Mama zao wanalia chini, chombo kinapaa. Ukurasa mzima wa kilio cha mama zao! Mwandishi kajitahidi sana, huyo popote alipo.

Na mwisho: watoto wanaamka. Jua jipya, majani, maji. Wanacheza. Hawarudi kamwe.

Nimekaa nikilipindua hilo huku na huku kama mtu anayechambua pamba. Wangekufa kwenye vile vitanda, dagashida ingesema: si mnasikia, ndivyo anavyowaua. Lakini wanaamka. Na hapa kwetu mtoto anayezikwa halafu akawa anaishi mahali pengine ana jina lake. Ni msukule. Kafichwa. Na aliyemficha anaamriwa amrudishe. Asiporudisha...

Nilimfuata Kristofa nyumbani kwake. Nikampa kitabu, nikamwonyesha kurasa. Alisoma amesimama. Nikamwomba: kidole kiruke, Mwalimu. Kurasa mbili mbili. Hakuna mwingine anayejua. Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba ameapishwa kwa mshale, na kwamba yeye ni mgeni hapa, mke wake ni mjamzito, na mama yake naye ana macho kama ya Mayu. Sikumlaumu. Namlaumu. Sijui.

Akaniuliza, lakini ni kitabu kizuri eti? Nikasema ndiyo, ni kizuri.

Mayu ameniita nile ugali. Ameniangalia, ingawa haoni vizuri, ameniangalia. Akauliza: "Umetangulia?" Nikasema hapana. Nikamwona ameamua kuniamini.

Jumamosi, 8 Julai 1995

Mapumziko. Luhaga ametoa ruhusa watu wakanywe maji. Nimeomba nikae huku ukutani kwa ghala la pamba, nimesema natafuta maneno ya Kisukuma ya sehemu inayofuata. Kijana mwenye upinde yuko hatua chache tu. Anadhani daftari hili ni sehemu ya kazi.

Naandika ili mikono itulie.

Nimesoma tangu asubuhi. Kijiji kizima wamekaa chini, wanaume upande wao, wanawake upande wao, Mayu katikati kwenye kigoda peke yake. Amevaa kitenge cha harusi yangu, ile iliyoshindikana. Kristofa ameweka kidole kila mstari, sauti yake nimeisikia mara moja tu aliponisahihisha cheo cha mfalme.

Na wanasikiliza! Hilo ndilo linaloniua. Mwanzoni walikuwa wananiangalia mimi, kisha wakawa hawaniangalii tena, wakawa wanaangalia mbele yao, kule wanakoona wenyewe tu. Meli ya Oruna ilipopasuka ubavu mzee mmoja akapiga paja. Kijana akauliza kwa nini wasizibe kwa ngozi. Wakacheka. Luhaga mwenyewe alicheka! Mayu alicheka kuliko wote. Nimetumia "chombo" leo, sikusema ungo hata mara moja, lakini kila nikisema chombo nawaona midomo yao ikisema lile lingine.

Nilifikiri, kwa kitambo kidogo, kwamba tutapona. Kwamba watu waliocheka hivyo hawawezi.

Halafu nikafika pale anapotua. Anapoita watoto. Nilisoma polepole, nikakohoa, nikaomba maji. Kicheko kikapungua, kikaisha. Mboje alisimama. Hakupiga kelele. Kauliza kitu kimoja tu: hao watoto aliowalaza — wanaamka?

Watu wote wakanigeukia. Hata wale waliokuwa wakinong'ona nyuma.

Nikamtazama Kristofa. Kristofa akatazama kidole chake.

Luhaga akasema tupumzike, jibu litasomwa.

Mayu kanipitia sasa hivi, kijana mwingine kamshika mkono anampeleka haja. Kanigusa bega. Kasema nisimwambie bado, asikie pamoja na wengine. Anafikiri uso wangu ni wa mtu anayeficha utamu.

Nikisema hawaamki, Kristofa atasema nimepindisha, na nitakuwa mwongo, na watauliza mwongo anaficha nini. Nikisema wanaamka —

Wanarudi. Wanaume wanakaa. Wanawake wanasogea. Milembe hajakaa kule alikokuwa asubuhi; amekuja mbele kabisa, karibu na kigoda cha Mayu, hajawahi kusogea karibu naye hivyo tangu msiba. Macho yake yamevimba. Hana hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Amekwenda nyumbani kwake wakati wa mapumziko, sasa naona alichofuata: gauni la Precious, lile la njano. Amelifua. Amelikunja vizuri, ameliweka mapajani, analilainisha kwa kiganja, analilainisha, ananitazama mdomoni.

Luhaga ananiita. Kristofa ameshaufungua ukurasa na kidole kiko